Bi Zuwena Hakwenda Quanzhou

Siku ya tatu ya azaa, matanga ya Bi Zuwena, chumba cha wanawake kilijaa mpaka viatu vikapangwa kwenye ngazi. Ustadha Shadhiya aliingia na abaya ya hariri, udi wake ukimtangulia. Akatushika mikono sote mmoja mmoja, akakaa karibu na dirisha, akanywa kahawa vikombe vitatu, akakitingisha cha tatu kuonyesha ametosheka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushika kipaza sauti, "Alhamdulillahi, mama yetu hakuondoka bure. Sanaa yake tuliifikisha mpaka China." Wanawake wakaitikia mashaallah, mmoja akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika. Nikamwaga kahawa kwenye zulia, nyingi, na nikaambiwa nikalete kitambaa, nikaenda kukileta. Jikoni nilisimama na kitambaa mkononi nikirudia neno lake moja: tuliifikisha. Nani alifikisha nini? Aliyefika ni yeye Shadhiya, na mimi, na wasichana saba ambao hawakujua hata tofauti ya kuimba na kufungua mdomo. Bi Zuwena alibaki hapa Maskati, mtaani kwake Hail, na koti jipya la sufi ndani ya sanduku.

Nina miaka kumi na tisa. Najua kumbukumbu huandikwa na watu wenye mvi, waliotulia, wanaomsamehe kila mtu kuanzia sura ya kwanza. Mie sijatulia. Naandika shajara tangu darasa la sita kwa sababu sijui kusema mbele za watu. Nikisimama darasani shingo hunipanda joto na maneno huniganda. Kwa hiyo mwaka ninaousimulia ninao wote kwa mkono wangu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na sita, na nikiusoma sasa naona aibu si kwa mwandiko bali kwa jinsi msichana yule alivyoona kila kitu, akakiandika kila kitu, na hakusema kitu. Ya kabla ya hapo, nani alizaliwa wapi na alikuja Maskati lini, hayahusu. Inatosha kujua kwamba Bi Zuwena alikuwa dada wa bibi yangu, kwamba nilimwita Bibi, na kwamba alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, kilichoitwa Shani.

Kila Ijumaa baada ya laasiri wajukuu wa kiume walitolewa na magari yao kwenye kibanda cha gari cha Bibi, pakafagiliwa, pakawekwa mabenchi mawili marefu. Wanawake wa Shani walikuwa kumi na mmoja na mdogo wao alikuwa na wajukuu. Walivaa kanga sare juu ya nguo za nyumbani, wakapanda kwenye benchi wakishikana mikono wasianguke, wakitukanana kwa mapenzi. "Songa, Rukia, umechukua benchi lote na hilo tako lako la urithi!" Na Bi Rukia, shoga wa Bibi tangu utotoni, hujibu, "Tako hili limezaa wanaume sita, lako limezaa mto wa kukalia." Kisha pembe zikapigwa kwa vijiti, kavu, ta-ta, ta, na wote wakawa watu wengine. Asiyejua lelemama hudhani haina kitu. Hakuna kuruka. Miguu haihami. Ni shingo, ni vidole, ni kifundo cha mkono kinachogeuka polepole kana kwamba kinatandika shuka juu ya mtoto aliyelala. Bibi alisimama katikati na sauti yake haikuwa nzuri kwa namna wanavyoisema watu wa runinga, ilikwaruza. Lakini ilikwaruza pale pale ilipotakiwa kukwaruza.

Shani hawakuandika nyimbo zao. Mtu aliyetaka kujifunza alikaa mkekani nyuma ya Bibi, akaweka kiganja cha mkono mgongoni mwake, chini ya mabega, na akaimba naye. Hapo ndipo utajua pumzi inakatwa wapi. "Maneno yamo kinywani mwa kila mtu," alikuwa akisema, "pumzi imo mgongoni mwangu." Mwaka ule aliniita mimi. Nadhani aliniita kwa sababu nilikuwa nakaa pembeni nikipeleka mandazi, nikirudisha vikombe, na alinionea huruma. Niliweka kiganja mgongoni mwake Ijumaa kumi na tano mfululizo. Sikuweza kuimba mbele yao, sauti haikutoka, wakacheka, yeye hakucheka. Nikirudi nyumbani nikaandika. Niliandika beti zote, na juu ya maneno nikatia vinukta: kimoja pumzi fupi, viwili pumzi ndefu, mstari pale anapoisukuma sauti na mbavu zinafunguka. Nilichora vidole. Nilichora benchi na nani anasimama wapi. Nilijua kwamba haifai. Nilijiambia ni shajara yangu, na shajara haina macho.

Mwaliko ulikuja na Shadhiya. Yeye ni wetu, bibi yake na bibi yangu walikaa mtaa mmoja huko pwani ya Afrika walikotoka, na Kiswahili anakijua mpaka matusi yake, ila mbele ya watu anazungumza Kiarabu tupu na ukimjibu kwa Kiswahili hutabasamu kama umemwonyesha nguo ya ndani. Alikuwa anashughulika na mambo ya utamaduni katika ofisi moja. Akatueleza: huko China kuna mji wa bandari unaoitwa Quanzhou, ambao mabaharia wa Kiarabu wa zamani waliuita Zaituni, na wakati wa vuli watafanya msimu wa maonyesho, opera, tamthilia na ngoma, wakaalika vikundi kutoka bandari zilizofanya nao biashara. Maskati imealikwa. Yeye anapenda kuipeleka Shani. Bi Rukia akauliza, "Sisi hawa?" "Nyinyi hawa," akasema Shadhiya. Siku ile kelele zilizopigwa kwenye kibanda cha gari zilimtoa jirani nje akidhani kuna harusi.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kusoma orodha. Waandaaji wa kule waliweka kwenye mtandao orodha ya maonyesho yajayo, ikibadilika kila wiki, na mimi niliielekeza simu ikatafsiri kisha nikawasomea wanawake kwa sauti ndogo wakati wa chai, maana kusoma naweza. Hiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote za mwaka ule, na ndiyo inayoniumiza zaidi. Mkate wa kumimina ukikatwa, chai ya maziwa yenye iliki, na mimi nasoma: tarehe fulani, opera ya kienyeji ya mji wenyewe. Tarehe fulani, vinyago vya kamba. Tarehe fulani, tamthilia ya mama mkwe na wake wa ndugu wawili. "Hiyo hiyo!" akapiga kelele Bi Rukia. "Nikatieni tiketi. Hao wake wa ndugu nani mbaya, mkubwa au mdogo?" Nikasema simu haikueleza. "Mdogo," akakata shauri. "Mdogo ndiye mbaya siku zote. Mimi nlikuwa mdogo." Tarehe fulani, ngoma ya wanafunzi wa chuo, wasichana arubaini. Na siku moja, chini kabisa, ikatokea: Ngoma ya wanawake kutoka Maskati, Oman. Nilisoma mara tatu. Bibi alinitaka nimwonyeshe mahali penyewe kwenye kioo cha simu, akaweka kidole juu ya yale maandishi ya Kichina, akakiacha pale mpaka kioo kikazima.

Lakini kilichomvuta Bibi ni ile opera. Nilimtafutia video fupi, mwanamke aliyepakwa usoni rangi nyeupe na waridi, mikono ya nguo mirefu mpaka magotini, hatembei, anateleza, na vidole vyake vinafunguka kimoja baada ya kimoja. Bibi aliitazama bila miwani, kisha na miwani. Akanyosha mkono wake mwenyewe akaufuatisha. "Huyu mwenzetu," akasema. "Hebu mtazame shingo. Huyu anacheza lelemama, Thuraya, ila hajaambiwa." Kila Ijumaa alitaka aonyeshwe tena. Akasema akifika huko hataki kupelekwa madukani, anataka kupelekwa kwa huyo mwanamke, wakae, amwonyeshe zake na yeye aonyeshwe zao. Alikata pasipoti. Alipanda teksi mpaka Matrah, kwenye soko la bandarini, na kurudi na koti la sufi la rangi ya damu ya mzee, kubwa mno, akalivaa sebuleni kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho "ili nizoee baridi," akakaa hivyo akichambua mchele. Sijapata kumwona mtu mzima anataka kitu waziwazi namna ile. Hakuficha. Hakusema inshallah kwa sauti ya mtu anayejikinga. Alitaka.

Shadhiya aliniona naandika. Alikuja Ijumaa moja mapema, akanikuta kwenye ngazi na daftari. Akaniomba alitazame, na mimi, ambaye hata mama yangu sijampa, nikampa. Alilifungua taratibu. Akaniuliza vinukta ni vya nini, nikamweleza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu mzima alinisikiliza mpaka mwisho. "Una akili ya kazi," akaniambia, kwa Kiswahili khasa, ndiyo maana nikaamini. "Hili ni la kuwekwa. Niazime, nilitie kwenye jalada, ili Bi Zuwena ajulikane kule kabla hajafika." Maneno hayo nimeyaandika usiku ule neno kwa neno. Sikuuliza Bibi. Nilirudi nyumbani nimefura kama andazi. Watu wanapenda kusema "nilidanganywa." Ndiyo, nilidanganywa. Lakini pia nilisifiwa, na kusifiwa ndiko kulikonifungua mikono, si ule uongo.

Baada ya wiki tatu walimu wetu walitangaza kwamba wasichana wanane wa sekondari watakwenda China na ngoma ya asili, na mimi nimo. Nilidhani tunaongezwa juu ya Shani. Siku ile ile jioni Shadhiya alikuja kwa Bibi, na nilipokuwa napeleka tende nilimsikia ndani ya gari lake, kioo kimeteremshwa, simu ikisema kwa sauti kubwa. Mwanamme wa upande wa pili aliuliza, kwa Kiarabu, na wale wazee? Naye akajibu: "Watabaki. Mmoja ana sukari, mwingine goti, nani atabeba dhamana? Halafu jukwaani watu wanataka sura za vijana. Ngoma yenyewe tunayo yote imeandikwa. Sauti tutarekodi studio, kwa Kiarabu." Akafunga simu, akaniona, akatabasamu. "Tende hizo za wapi? Zinaonekana nzuri." Nikamwambia za Qurayyat. Hilo ndilo nililosema. Za Qurayyat.

Nilikaa na jambo lile siku tisa. Nimezihesabu kwenye shajara, kila siku ukurasa mzima, na kila ukurasa unaishia na "kesho nitamwambia." Ijumaa ya katikati Bibi alifanya mazoezi kama kawaida, nikaweka kiganja mgongoni mwake kama kawaida. Alikuwa anatoka jasho. Aliimba vizuri kuliko siku zote. Nilihisi mbavu zake zikifunguka na kufunga, na mimi nimekaa nyuma yake kama mwizi anayeshika mfuko asiouchukua kwa sababu tayari ameshauchukua.

Aliyemwambia ni Nekesa. Nekesa alikuwa fundi wa kushona, Mkenya, mwenye kiduka chenye vyerehani viwili na kalenda ya kanisa ukutani, na alizoeana na Bibi kwa sababu wote wawili walichukia nguo iliyoshonwa haraka. Shadhiya alimpa kazi ya nguo za safari. Bibi hakuwa ameitwa kupimwa, akaona amesahauliwa, akaniambia nimpeleke. Tukaingia. Nekesa akamkumbatia. "Shosho yangu! Umekuja kuona nguo za watoto? Nimezimaliza jana usiku, ona, ziko sawa?" Akatundua nguo nane za kijani zenye nyuzi za dhahabu, viuno vyembamba kama vya nyigu. Bibi akazipitishia mkono. "Nzuri. Na yangu ipo wapi?" Nekesa akacheka, kisha akaacha kucheka. Akachukua karatasi ya vipimo akaisoma tena toka juu mpaka chini. "Mama, mimi niliandikiwa watu nane. Wote ni wasichana wa shule. Ya kwako sijaletewa." "Labda karatasi ya pili." "Karatasi ni moja, mama. Hata huyu wako yuko hapa." Akaweka kidole. "Thuraya. Kifua, kiuno, urefu." Bibi aligeuka akanitazama. Nekesa naye akanitazama, na Nekesa ndiye aliyesema, si Bibi, "Sasa wewe, ulikuwa unajua?" Nilipimwa na walimu shuleni wiki nzima kabla. Nikatikisa kichwa, na mpaka leo sina hakika kilitikisika kwa ndiyo au kwa hapana. Nekesa alituletea soda mbili. Hakuna aliyezifungua. Tulipokuwa tunatoka alimwita Bibi, akamwambia, "Mama, mimi nakupima. Sasa hivi. Nitakushonea na kitambaa changu." Bibi akamjibu, "Nishonee ya kwenda wapi, mwanangu?"

Shadhiya alikuja kutuliza, na boksi la halua la kilo mbili. Alikaa sebuleni juu kabisa, kwenye kochi lililofunikwa nailoni, Bibi na Bi Rukia mbele yake. Mimi nilikaa sakafuni mlangoni. Alizungumza sana: afya, bima, baridi, heshima ya nchi, kwamba watazamaji wa kule wanapenda vijana, kwamba Kiswahili kitawachanganya watu, wataona kwenye orodha Oman kisha wanasikia lugha nyingine. "Lugha gani nyingine?" akauliza Bi Rukia. "Hii unayosemea hapa? Hii aliyokunyonyeshea mama yako?" Shadhiya akasema, "Mama, msinielewe vibaya. Kazi yenu haitapotea, nakuhakikishieni. Tazama." Akafungua mkoba, akatoa daftari langu, akaliweka juu ya meza karibu na halua. "Kila kitu kimo. Mpaka pumzi."

Bibi hakujua kusoma herufi za Kizungu, alisoma za Kiarabu tu, lakini michoro haihitaji herufi. Alifungua ukurasa wenye benchi. Akajiona katikati. Akaona vidole vyake. "Mwandiko wa nani?" akauliza. Shadhiya akanyamaza, na kwa hilo namchukia zaidi kuliko kwa yote, kwamba alipata haya wakati ule, haya ya kutotaka kunitaja, kana kwamba ananihifadhi. Bi Rukia akanyosha kidevu kunielekea. Bibi akalifunga daftari. Hakunitupia, hakulichana. Alilipangusa sukari ya halua iliyonata kwenye jalada, akaniita, akanipa mkononi. "Nenda," akasema. "Ushakuwa na kila kitu. Nenda."

Na nilikwenda. Hapa ndipo wanaosoma watataka niseme nililazimishwa. Sikulazimishwa. Mama aliniambia nikikataa ataongea na shule nitolewe, nikamwambia nataka kwenda. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sijapanda ndege, sijasimama mahali popote watu wakanitazama nisiungue shingo, na nilijua kwamba jukwaani, na rangi usoni, na sauti ya mtu mwingine inatoka kwenye spika, sitahitajika kusema lolote. Kwa mtu mwenye soni kama mimi ile ilikuwa Pepo. Nilimkasirikia Bibi kwa kuniambia nenda kama anayefukuza kuku. Nikajiambia, kwani mimi ndiye niliyemwondoa?

Quanzhou kulikuwa na mvua nyembamba na harufu ya samaki na ubani, na nilichukia kwamba kulifanana na Matrah. Mwenyeji wetu alikuwa mwanafunzi wa kule anayesomea Kiarabu, aliyejipa jina la Noura, anazungumza Kiarabu cha taarifa ya habari, kila irabu mahali pake, mpaka wasichana wakawa wanamwiga bwenini. Ukumbini, ukutani, palikuwa na ile orodha tuliyokuwa tukiisoma kwenye kibanda cha gari, sasa kubwa kuliko mlango: opera, tamthilia, ngoma. Mstari wetu nikauona. Ngoma yenyewe ilikwisha kabla sijajua imeanza. Tulisimama kwenye benchi la mbao lililopakwa dhahabu, wasichana wakatabasamu kwa meno, jambo ambalo mwanamke wa Shani angepigiwa kofi, na tukafungua midomo kwa wimbo wa Kiarabu ulioimbwa na mwanamke wa studio mwenye sauti laini kama mafuta. Alikata pumzi kwenye vinukta vyangu vyote. Kila kimoja. Ilikuwa sahihi na ilikuwa maiti. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Siku iliyofuata Noura alitupeleka kwenye opera. Alikuwa amefurahi hata irabu zikaanza kumponyoka. "Leo anaimba mwalimu mkubwa," akatuambia. "Haimbi tena mara nyingi. Watu wamekuja kutoka vijijini." Taa zikazimwa, na pembeni mwa jukwaa akatokea mwanamke mzee, mzee khasa, zaidi ya themanini alisema Noura, amepakwa rangi nyeupe na waridi, mikunjo imepasua rangi kama ukuta, na wanafunzi wawili wamemshika huku na huku kumpandisha. Ukumbi mzima ukasimama. Hajaimba bado, wamesimama kwa vile amepanda ngazi. Akawaondoa wanafunzi kwa mkono, kisha kidole kimoja kikafunguka. Nilikijua kile kidole. Alipoimba sauti ilikwaruza, na penye noti ya juu ilivunjika, ilivunjika kabisa, na pale pale ilipovunjika watu wakapiga kelele kwa furaha, kama waliosafiri ili waone inavyovunjika na yeye haikimbii. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa anaimba naye kwa midomo. Hakuna aliyetaka sura ya kijana. Wasichana wa chuo, wale arubaini wa kwenye orodha, walikuwa wamekaa sakafuni mbele ya jukwaa kwa kukosa viti.

Viti viwili kutoka kwangu Shadhiya alikuwa analia. Alikuwa amepasua pakiti ya tishu. Akaniinamia akanishika goti, machozi yake ya kweli kabisa, akasema, kwa Kiswahili, "Subhanallah, Thuraya. Tazama wenzetu wanavyowathamini wazee wao." Nimekaa miaka mitatu natafuta jibu la sentensi ile. Nimeandika majibu ishirini, mengine ya matusi. Siku ile nilitikisa kichwa, nikasimama na ukumbi, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Tuliporudi nilikwenda Hail Ijumaa. Kibanda cha gari kilikuwa na magari. Bibi alikuwa peke yake jikoni anachemsha ndizi kwa nazi, akaniambia nikae, akanipakulia, akanitazama nikila. Kisha akasema, "Haya. Nieleze yule mwenzangu." Ningeweza kusema opera iliahirishwa. Nilifikiri hivyo, kijiko mdomoni. Badala yake nikamweleza yote, na kwa mara ya kwanza mbele yake maneno yalitoka bila kuganda: wanafunzi wawili, ngazi, ukumbi uliosimama, sauti iliyovunjika, kidole. Alisikiliza amefumba macho, mkono wake ukiwa juu ya meza unajifungua kidogo kidogo. Akauliza, "Shadhiya alikuwepo?" "Alikuwepo. Alilia." Bibi akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Na wewe?" "Nilipiga makofi." Akafumbua macho. "Ulisimama ukapiga makofi?" "Ndiyo, Bibi." "Vizuri," akasema. "Mtu mzima anastahiki." Akachukua sahani yangu kabla sijamaliza, akaenda kuiosha.

Hatukugombana. Nilikwenda kila Ijumaa miaka mitatu na hakunitukana hata siku moja, akanipakulia, akaniuliza mitihani. Hakuimba tena. Niliamini ameacha. Niliamini Shadhiya ndiye aliyemwachisha, na hasira hiyo niliitunza, nikailisha, ilikuwa hasira safi, ya kumwelekea mtu mwingine.

Na siku ile ya azaa, baada ya Shadhiya kuondoka na udi wake, nilirudi na kitambaa nikapiga magoti kusugua zulia, na juu yangu Bi Rukia alikuwa anawaambia wanawake jinsi marehemu alivyokuwa wiki ya mwisho, amekaa kitandani na lile koti lake la sufi, anaimba. Nikasimamisha mkono. "Anaimba?" nikauliza. "Alikuwa akiimba?" "Kila siku, mwanangu. Asubuhi jikoni, jioni na sisi. Kaacha lini?" "Mbona mimi sikumsikia?" Bi Rukia akanitazama kama anayeona kitu ambacho kila mtu nyumbani alidhani nakijua. "Utamsikiaje, na yeye akisikia mlango wa gari lenu hunyamaza? Ijumaa tukisikia breki tu, yeye, 'Basi, mgeni kaja.'" Wanawake wakainamisha macho. Nikasema, na nilisema kwa nguvu, chumba chote kikasikia, "Kwa nini hamkuniambia? Miaka mitatu! Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Bi Rukia hakupandisha sauti. "Alikuwa akingoja umtake radhi. Akisema, ataniambia Ijumaa hii. Ataniambia ile. Sisi tukwambie nini, Thuraya? Neno lilikuwa lako."

Nilikusanya vikombe vyote, hata vilivyokuwa bado na kahawa, hata kimoja kilichokuwa mkononi mwa mtu, nikaenda navyo jikoni. Nikafungua bomba mpaka mwisho nikaviosha, kila kimoja mara mbili, mara tatu, kwa nguvu, maji yakinirukia usoni, ili nisiwasikie kule chumbani. Walikuwa wameanza kumsomea hitima.